Nilivyopeleka Barua ya Mfalme wa Korea Bankstown

Msimamizi wangu wa kazi hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa mama wa Kikorea wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye fulana ya kazi ya manjano iliyomfika karibu na magoti, na pale ghalani Smithfield, Sydney, kila mtu alimpisha njia, hata madereva wa malori waliofika na hasira zao kutoka bandari ya Port Botany. Kwa hiyo Jumatano ile aliponijia wakati wa chai, akasimama mbele yangu na kunitazama kuanzia utosini hadi viatuni, nilidhani nimepanga makreti vibaya.

"Una urefu gani?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Unajua kuandika?"

Nilimkumbusha kwamba kabla ya kuja Australia nilifundisha Kiswahili na historia kwa miaka kumi na minne kule Makueni, na kwamba hata yeye mwenyewe huniita Mwalimu kama wanavyoniita wengine wote.

"Kuandika kwa brashi," akasema.

Nikamwambia brashi niliyowahi kushika ni ya kupaka ukuta rangi. Akaandika kitu kwenye karatasi zake, kwa uso ule ule anaoutumia akipokea mzigo uliobonyea kidogo lakini unaokubalika. Halafu akauliza swali la tatu.

"Kanisani kwenu kuna wanaume wanane wenye mabega?"

Alinieleza huku akimenya chungwa. Zamani, wafalme wa Korea walikuwa wakituma wajumbe Japani. Hakuwa mtu mmoja na mkoba wake. Walikuwa watu mia nne, mia tano: waandishi, wapiga tarumbeta, waganga, wachoraji, wapishi, hata watu wa kufanya michezo juu ya farasi. Walivuka bahari, kisha wakasafiri nchi kavu kwa wiki nyingi hadi kwenye mji wa shoguni, jemadari aliyekuwa akiitawala Japani siku hizo. Walichukua ginsengi, ile mizizi ya dawa, na ngozi za chui milia, na juu ya vyote barua ya mfalme, ambayo ilikuwa na machela yake peke yake, ikibebwa begani kama bibi harusi. Nchi mbili hizo zilikuwa zimetoka kwenye vita vibaya, na barua ndiyo iliyosema kwamba sasa yatosha. Wajapani walitoka majumbani na watoto wao, wakajipanga barabarani kutazama.

"Sasa wazee wetu wa hapa na wazee wao wa hapa wamekubaliana kuigiza safari ile," akasema. "Kwenye tamasha la mtaa, Bankstown, mwezi wa kumi. Wazee tunao. Mavazi tunayo. Mabega hatuna."

"Na vijana wenu?"

"Vijana wetu ni wanasheria," akajibu, kama anayetaja ugonjwa.

Mabega niliyoyajua mimi yalikuwa ya kwaya ya wanaume ya kanisani kwetu. Ni Wakongo wa mashariki, wa Uvira na Bukavu, na kiongozi wao huendesha lori la kontena bandarini. Ana kifua kama kabati, na akiimba sauti ya chini viti vya plastiki huitikia. Nilimkuta baada ya ibada akikunja nyaya za vipaza sauti, nikamweleza habari yote, pamoja na chakula kitakachofuata. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye kubeba.

"Kubeba nini, Mwalimu?"

"Machela mbili. Ndogo ni ya barua. Kubwa ni ya mjumbe wa mfalme."

"Kubeba mutu?"

"Ni mzee, si mzito."

Akaweka nyaya chini. "Mwalimu, babu yangu alibebaka muzungu mu tipoy. Muzungu iko juu anasoma gazeti, babu iko chini anabeba, mpaka kwenye ziwa. Babu alikufa akisema, mu jamaa hii hakuna mwingine atabeba mutu mwenye iko na miguu. Sasa sikia. Barua tutabeba. Barua haina miguu. Mutu atembee."

Niliupeleka ujumbe huo kwa msimamizi siku ya Jumatatu, nikiwa juu ya foklifti ili niweze kuondoka haraka. Hakukasirika. Alisema tu kwamba mjumbe ana nyonga mbovu na hawezi kutembea zaidi ya kutoka mlangoni kwake hadi kwenye gari. Alikuwa mfamasia mstaafu wa miaka sabini na minane. Alikuwa amesoma kila kitabu alichopata kuhusu wajumbe wale, na joho lake alijishonea mwenyewe, kwa cherehani ya marehemu mkewe, miezi mitano. Asingekubali mtu mwingine aende, na asingeweza kwenda kwa miguu.

Jumamosi iliyofuata mzee mwenyewe alikuja kwenye uwanja wa magari wa kanisa letu, ambako kwaya ilikuwa imekusanyika kufanya mazoezi ya kubeba barua peke yake. Alishuka garini polepole, akaegemea fimbo, akamwendea kiongozi wa kwaya. Mmoja wao ni mrefu kuliko mwingine kwa karibu futi nzima. Mimi nilisimama katikati kwa ajili ya Kiingereza, maana kila mmoja alikuwa na Kiingereza chake.

"Nimeambiwa babu yako alibeba mtu," mzee akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Baba yangu alibeba pia. Jeshi la Wajapani lilimchukua akiwa kijana, likambebesha risasi na mchele. Bega lake moja lilikuwa chini kuliko jingine mpaka anakufa. Mashati yake yote mama alilazimika kuyashona upya."

Kiongozi wa kwaya akauliza, "Na leo weye unapeleka barua ya amani kwa Wajapani?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Mzee akafikiri. Nilitarajia jibu la vitabuni. "Kwa sababu wako mtaa wa pili," akasema.

Kiongozi wa kwaya aligeuka kwa wenzake, wakasemezana Kiswahili chao cha haraka ambacho hata mimi hukikosa nusu. Kisha akarudi, akainama, akamshika mzee mkono.

"Panda, Papa. Lakini gazeti hapana."

Kilichobaki kilikuwa itifaki, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kubeba ndiyo kazi rahisi. Pande mbili zilikutana katika ukumbi wa jumuiya, kwenye meza yenye birika la chai katikati. Upande wa Japani uliongozwa na yule ambaye angekuwa shoguni: daktari wa meno mstaafu, mnene, mpole, mwenye mikono midogo safi kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Nilishangaa kwamba yeye na mfamasia hawakuangaliana. Kila mmoja alilitazama birika na kulieleza maoni yake, na birika likawa kama mwenyekiti wa kikao. Nilidhani ndiyo desturi za huko kwao.

Tatizo lilikuwa mainamo. Kwa vile mfamasia alivyosoma, wajumbe walimwinamia shoguni mara nne na nusu. Nne hazikuwa na shida: unapiga magoti, unaweka viganja chini, unashusha paji la uso hadi mikononi, unainuka. Shida ilikuwa ile nusu.

"Nusu maana yake kichwa kinafika katikati," daktari wa meno aliliambia birika.

"Nusu maana yake unaanza kuinama, halafu unakumbuka kwamba una mfalme wako mwenyewe, unaacha," mfamasia akaliambia.

Walibishana hadi chai ikapoa. Msimamizi wangu, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, alinigeukia mimi. Nilikuwa nimeteuliwa mwandishi wa msafara kwa sababu ya ualimu wangu, na mwandishi alitakiwa kuinama nyuma ya mjumbe. Aliniuliza nina maoni gani. Nikasema kwetu mtu akiinama nusu huulizwa kama mgongo unamuuma. Hakuandika hilo.

Ikaamuliwa kila upande uelewe nusu kwa namna yake. Nilifanya mazoezi jikoni kwangu. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alirudi kutoka kazini akanikuta nimepiga magoti mbele ya jokofu, paji la uso sakafuni.

"Umeangusha nini?" akauliza.

"Namwinamia shoguni wa Japani."

Akaweka mkoba chini, akanishika kifundo cha mkono, akaanza kuhesabu mapigo ya moyo.

Siku ya tamasha kulikuwa na jua kali na upepo wa kutoka bara, ule unaoingiza vumbi hadi kwenye sambusa. Bustani ilijaa mahema: Walebanoni na nyama zao, Wavietinamu na miwa yao ya kukamua, kinamama wa Kisomali na hina. Sisi tulijipanga kwenye lango, kando ya vyoo. Machela kubwa wazee walikuwa wameiunda wenyewe kwa mbao za paleti za ghalani kwetu, wakaipaka rangi nyekundu inayong'aa, lakini rangi haikutosha upande wa chini, na wabebaji sita waliokuwa wakiinyanyua walikuwa wakisoma kwa muhuri mweusi kwamba mzigo huu usipangwe zaidi ya tabaka mbili. Wawili wengine walibeba barua. Wote wanane walivaa majoho meupe na kamba kiunoni. Kwa mabega yale majoho yalikuwa yameishia magotini, na chini yake vilionekana viatu vya kanisani vilivyong'arishwa.

Mimi joho langu lilikuwa la buluu na mikono yake ilinifika viwikoni. Mzee aliketi juu ya machela akiwa na lake jekundu, ndevu zake chache zimechanwa, na kichwani kofia nyeusi iliyosukwa kwa nywele za mkia wa farasi, yenye masikio mawili marefu yaliyotoka pembeni na kutetemeka kila alipopumua. Sijawahi kuona mtu aliyetulia namna ile. Alikuwa amekwisha kufika miaka mia tatu nyuma, akitusubiri sisi tumfuate.

Msimamizi alikuwa ameleta spika yenye muziki wa tarumbeta za kifalme. Alibonyeza, ikakoroma, ikazima. Akabonyeza tena. Alikuwa ameipiga marufuku kwaya kuimba, kwa barua kabisa, kwa sababu msafara wa Korea wa karne zile haukuimba nyimbo za Kikristo. Sasa alimtazama kiongozi wa kwaya, na kiongozi wa kwaya akamtazama yeye kwa upole mkubwa.

"Mama," akasema, "kubeba bila kuimba, mabega haijue saa gani ya kukanyaga."

"Bila maneno ya Yesu," msimamizi akasema.

"Tutaweka la-la-la."

Waliweka la-la-la kwa hatua kama ishirini. Baada ya hapo Yesu aliingia mwenyewe, kwanza kwa sauti ya tatu, kisha kwa sauti zote. Machela ikaanza kuyumba kwa mdundo, kushoto, kulia, na masikio ya kofia ya mzee yakafuata. Watu walitoka kwenye foleni za chakula wakaja kutazama. Nilimwona mzee akipiga kidole kimoja gotini.

Tulikuwa tumebakiza nusu ya njia tulipopita chini ya miti mikubwa. Anayeishi Sydney anajua kwamba majira yale hupiti chini ya mti bila kutazama juu. Kuna ndege wa huku mweusi kwa mweupe, magpai, ambaye mwaka mzima ni jirani mwema, lakini akiwa na makinda humshambulia kila apitaye, na hupenda zaidi vichwa. Waendesha baiskeli huchomeka vijiti kwenye helmeti zao ili kumtisha. Kofia ile yenye masikio yanayotikisika lazima ilimpa wazo kwamba amevamiwa na mnyama asiyemjua.

Alikuja kwa nyuma bila sauti. Akapiga kofia mara moja, akageuka hewani, akarudi. Mara ya pili aliwalenga wabebaji wa mbele, nao wakachutama wote wawili kwa pamoja kama watu waliozoea kuchutama. Machela ikainama mbele. Mzee hakuanguka, alishika mbao kwa mikono yote miwili, lakini nilimwona akikunja uso.

"Endeleeni," akasema.

Tukaendelea, tena kwa kasi, wimbo umepanda nusu ya sauti. Kofia iling'ang'ania kichwani na sikio moja limepinda. Umati ulipiga makofi ukidhani ndege amefunzwa.

Tulifika mbele ya hema la Japani. Daktari wa meno aliketi kwenye kiti kirefu juu ya jukwaa dogo, katika vazi lenye mabega mapana kama mabawa, na nyuma yake wazee wa Kijapani kumi na wawili, mikono magotini. Machela ikashushwa kama hatua tisa mbele ya jukwaa. Hapo mjumbe alitakiwa kushuka, achukue sanduku la barua, asogee, ainame mara nne na nusu. Hakushuka. Kiongozi wa kwaya akainama kumsikiliza, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, Papa anasema mguu umefunga."

Nilisogea. Jasho lilikuwa limemtoka mzee chini ya kofia. Alijaribu kujiinua, akashindwa, akajaribu tena. Mke wangu alikuwa ameshapenya kutoka kwa watazamaji. Alimgusa nyonga, akamwambia akisimama ni kwa hasara yake mwenyewe. Mzee alizitazama zile hatua tisa za nyasi kama mtu anayeitazama bahari. Kisha akafungua kamba ya kofia kidevuni, akaivua kwa mikono miwili na kunivika mimi.

"Nenda," akasema. "Usikimbie. Mjumbe hakimbii."

Kwa hiyo ni mimi, mtoto wa mkulima wa mahindi, niliyemkabidhi shoguni barua ya mfalme. Nilichukua sanduku, nikasogea, nikainama mara nne bila kosa. Ile ya nusu sijui niliifanyaje. Nilianza ya daktari wa meno, nikakumbuka ya mfamasia, goti likalia, nikainuka. Nikanyoosha sanduku. Daktari wa meno akatoa barua, karatasi ndefu iliyoandikwa kwa wino mweusi kwa herufi za Kichina, akaanza kusoma kimya. Msimamizi wangu, mwenye kipaza sauti, akawaeleza watazamaji kwamba hii ilikuwa saa ya heshima kubwa.

Nilikuwa karibu, nikaona masikio ya daktari wa meno yakibadilika rangi.

"Unajua kilichoandikwa hapa?" akaninong'oneza.

"Hapana, daktari."

"Mistari minane ya kwanza ni ya mfalme. Wa tisa ni wake." Akaweka kidole. "Anasema: na kuhusu lile gego la kushoto, mfalme wangu bado anangojea maelezo."

Ndipo nikaelewa kisa cha birika. Hawa wawili, kama nilivyoambiwa baadaye, walikuwa na maduka mtaa mmoja kwa miaka, dawa huku, meno kule, na siku moja isiyokumbukwa tena mwaka wake daktari alimng'oa mfamasia jino. Tangu hapo hawakusemeshana.

"Mwambie mfalme wake," daktari wa meno akasema, "gego lilikuwa limeoza hadi mzizini."

Niligeuka, nikatembea hatua tisa bila kukimbia, nikamwinamia mzee, nikamwambia.

"Lililooza lilikuwa la kando yake, yeye aling'oa zima," mzee akajibu. "Mwambie macho yake yalihitaji miwani."

Nilirudi. Nyuma yangu nilimsikia msimamizi akisema kwa kipaza sauti kwamba, kama mnavyoona, diplomasia ni kazi ya subira. Njiani nilifikiri. Nilimtazama daktari wa meno, mikono yake midogo bado imeshika ile karatasi, nikaona kwamba ujumbe ule ukifika kama ulivyo, tutakuwa pale mpaka mahema yakunjwe.

"Mjumbe anauliza hali ya macho yako," nikasema.

Daktari wa meno alishangaa. "Macho yangu? Mwambie namshukuru sana kwa kuuliza. Nilitolewa mtoto wa jicho mwaka jana. Sasa naona vizuri."

Hatua tisa.

"Anashukuru," nikamwambia mzee. "Anasema alikuwa na mtoto wa jicho."

Mzee aliinua kichwa. "Anakiri?"

"Ndivyo alivyosema."

"Wakati ule?"

"Wakati hakuutaja."

Kiongozi wa kwaya, aliyekuwa amesimama kando ya machela akijifuta shingo, aliniuliza kwa Kiswahili kama wazee hawa wanagombana.

"Wanasalimiana," nikamwambia.

Mzee alikuwa mtu wa haki, na alikuwa akipima. Mwishowe akasema, "Mtoto wa jicho ni ugonjwa. Mgonjwa halaumiwi. Mwambie mfalme amelifunga jambo la gego."

Niliusafirisha ujumbe huo bila kuugusa, kwa sababu haukuhitaji kuguswa. Daktari wa meno aliusikia, akavuta pumzi. Kisha alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye kumbukumbu za kikao chochote. Alishuka jukwaani. Wazee kumi na wawili wakageuziana shingo, shoguni hashuki. Alivuka nyasi na mabawa yake, akafika kwenye machela, akaona mwenzake hawezi kuinuka. Akamsemesha kwa Kijapani, maneno machache, na mzee akamjibu kwa Kijapani, lugha ambayo alikuwa ameniambia haijui. Msimamizi alishusha kipaza sauti. Sijui walisema nini, na sikuuliza. Nilichokiona ni kwamba daktari wa meno aliketi kwenye ukingo wa zile mbao za paleti, ukingo ukalia, na wote wawili wakatazama mbele kama watu wanaosubiri basi.

Kwaya ilichukua nafasi hiyo kuimba tena, safari hii bila la-la-la.

Nyonga ya mzee ilibadilishwa mwaka uliofuata. Mke wangu alimfuatilia kwenye simu mpaka akapata tarehe, na nilipokwenda kumwona wodini nilimkuta daktari wa meno ameketi kando ya kitanda akisoma habari za mchezo wa besiboli kwa sauti, vibaya sana, na mzee akimsahihisha alama. Siku ya tamasha yenyewe alikula kwenye machela, sahani magotini, na hakukubali kushushwa hadi supu ilipokwisha. Kwaya ilikula kwa namna ambayo kinamama wa Kikorea wanaizungumzia hadi leo kwa fahari. Kiongozi wa kwaya alionjeshwa kimchi, kabichi yao iliyochachushwa kwa pilipili, akasema inafanana na pilipili ya shangazi yake, akajaza bakuli mara nne.

Mimi sikula mapema. Msimamizi alikuwa ameandaa meza, wino na karatasi, kwa sababu zamani Wajapani walipowapata wajumbe walikuwa wakiwazunguka kuwaomba maandishi, na waandishi wa msafara waliandika mpaka vidole vikavimba. Nilimkumbusha kwamba herufi zao sizijui.

"Andika zako," akasema.

Foleni ilikuwa imeshajipanga. Karatasi ya kwanza niliandika Wema Hauozi, na wino ukadondoka katikati ya O, ukaonekana kama buibui aliyepumzika. Nilikumbuka kanga za mama yangu, sanduku zima la maneno, nikazifuata moja moja. Mpaji ni Mungu. Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka. Kelele za Chura Hazimzuii Ng'ombe Kunywa Maji. Hiyo ilimaliza karatasi na kuendelea mezani. Kila mmoja aliuliza maana, nami nilieleza, na kila mmoja aliipokea kwa mikono miwili na kuipepea ikauke. Kufikia karatasi ya kumi mkono ulikuwa umeanza kuijua brashi. Mkorea mmoja aliyeoa juzi aliomba kitu cha sebuleni. Mzee mmoja wa Kilebanoni, ambaye hakuhusika na msafara hata kidogo, aliomba mbili.

Wa mwisho alikuwa bibi wa Kijapani, mdogo wa umbo, mwenye mwavuli. Alisema yeye hana haraka, nimwandikie lile nililopenda mimi. Nilikuwa nimechoka, na lililokuja lilikuwa lile la kila mtu: Haraka Haraka Haina Baraka. Lakini liliandikika vizuri kuliko yote, H zote tatu zimesimama wima. Nikamweleza maana yake. Alilitazama kwa muda, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaniambia anajua kabisa mahali pa kulitundika.

Nikauliza ni wapi, nikidhani atasema karibu na picha za familia.

"Chooni," akasema kwa heshima zote. "Pale mbele yangu, nikikaa nilione."

Akakunja karatasi yangu taratibu, akainama, nami nikainama.